Nilimwaga Poda Kabla ya Kusoma Namba

Mpendwa Nsimire, mtoto wa dada yangu,

Mimi ni mtu wa bahati. Hilo hata wasionipenda hapa Kadutu wanalikubali. Mvua ikishusha udongo kutoka juu, udongo unapita pembeni ya salon yangu na kwenda kutafuta choo cha jirani. Enzi zile za Kampala lori letu lilipinduka, kila mtu akavunjika kitu, dereva mkono, mwenzangu meno, mimi nikatokea dirishani na soda yangu haijamwagika. Lakini bahati ya mwaka huu imezipita zote. Tonton wako, mjomba wako mwenyewe, amepata diploma. Nasema diploma ya État, ile ya kumaliza sekondari, siyo karatasi ya ubatizo. Imo ndani ya fremu, ukutani mwa salon, pale ilipokuwa kalenda ya wauza saruji, na wateja wakiingia wanavua kofia mbele yake. Kofia hawana budi kuzivua, wamekuja kunyolewa, lakini heshima mimi naijua nikiiona.

Umeshtuka? Vizuri. Angalau kitu kimoja kutoka kwangu kimekufikia, maana mengine yote nimeyatuma huko kisiwani Idjwi na sijui yanaangukia wapi. Mwaka na miezi miwili, Nsimire. Nimekutumia salamu kwa kila mtu anayepanda boti. Nimekutumia sabuni, madaftari, sweta ile ya kijani. Wewe umenijibu mara tatu, na mara zote tatu nimefungua gunia nikitafuta karatasi, nikakuta mananasi. Sikatai, nanasi la Idjwi ni tamu. Lakini nanasi halisemi kitu. Nimelizungusha, nimeangalia chini yake, nimepekua hata majani. Hakuna hata neno moja la habari. Mtoto aliyenifundisha mimi Kiingereza cha vitabuni ananijibu kwa matunda. Nimechoka kula majibu yako.

Kwa hiyo naandika barua ya wazi. Nakala moja itavuka ziwa. Nyingine naibandika kwenye kioo cha salon, pale pale ulipokuwa unaandika maneno yako kwa sabuni. Kosa nililokufanyia nilikufanyia mbele ya avenue nzima, mtaa wetu wote, siwezi kuja kulitengeneza kwa kunong'ona. Wateja watasoma wakinyolewa. Wasiojua kusoma watasomewa na Zozo wa pikipiki, ambaye anasoma vibaya lakini kwa sauti kubwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umeingia mwaka wa mwisho. Siku hiyo ulirudi kutoka shule, ukatupa mfuko wako kwenye kiti cha wateja, ukasema kama mtu anayetangaza msiba:

"Tonton, Kingereza itaniangusha."

Nikacheka. Nikakuambia una bahati ya kulelewa na mtu aliyekaa Kampala miaka miwili, mtu aliyezungumza Kiingereza na polisi wa barabarani, na makanika, na mwanamke mmoja ambaye habari zake nilikuficha kwa sababu ya umri wako. Ulifungua kile kijitabu cha items, yaani maswali ya État ya miaka iliyopita, karatasi zake zimelegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukaniwekea swali la kwanza chini ya pua. Sentensi moja yenye pengo, na majibu matano ya kuchagua. Nikayaangalia. Nakuapia mpaka leo, yale majibu yalikuwa watoto watano wa mama mmoja, wamevaa nguo moja, na wewe unaniuliza ni nani kati yao aliyekula sukari.

"Ya tatu," nikasema.

"Juu ya nini ya tatu?"

"Juu iko katikati."

Ulifunga kijitabu, ukanitazama kama unavyomtazama mteja mwenye mapunye. "Tonton, weye uko na Kingereza ya kutafutia tomates."

"Na nilizipata. Sikulala njaa hata siku moja."

"Ku examen hakuna tomates."

Hapo ndipo shule yetu ilipogeuka miguu juu. Mimi ndiye niliyetaka kukufundisha, na kabla ya wiki kwisha mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti, na wewe umesimama nyuma yangu na kitana changu mkononi ukinigonga nacho begani kila nilipokosea. Ulisema ukinieleza mimi nikaelewa, basi hakuna mtu duniani atakayeshindwa, na wewe mwenyewe somo litakuingia. Nilikasirika. Mtu mzima, mwenye salon, mwenye mashine mbili za umeme na moja ya mkono kwa siku ambazo umeme umelala, anagongwa kwa kitana na mtoto wa dada yake. Lakini nilibaki kwenye kiti.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule uliandika maneno kumi ya Kiingereza kwenye kioo kwa kipande cha sabuni. Nilikukataza. Nilisema mteja anakuja kuona uso wake, siyo kuona masomo. Wewe ukasema mteja akiona uso wake peke yake nusu saa nzima atahuzunika. Basi wakaanza kuzoea. Zozo alikuwa anakaa, kitambaa shingoni, mdomo wake ukitembea wenyewe. Siku moja nilimaliza kumnyoa, nikampiga brashi ya poda shingoni, hakuinuka.

"Patron, hii neno ya tatu inasema nini?"

"Kukopa."

"Na ya ine?"

"Kukopesha."

"Sasa juu ya nini wametia maneno mbili? Kazi si ni ile ile moja, ya kunyima usingizi?"

Nikakuuliza jioni, nawe ukapumua kwa nguvu ukasema mimi na Zozo tunafaa kuoana.

Lakini kitu kilichonitoa roho zaidi ni yale maandishi ya kusoma. Lile la bwana Tom unalikumbuka, najua unalikumbuka, hata ukijificha nyuma ya mananasi. Tom amekosa treni. Kwanza treni. Mtoto wa Bukavu anaijua barabara ya matope, anaijua boti, anaijua pikipiki yenye watu wanne na mbuzi, halafu maisha yake yote yanawekwa mikononi mwa bwana mmoja na treni yake. Swali likasema: kwa nini Tom alichelewa? Mstari wa kwanza ulisema asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Nikajibu haraka, kwa furaha: mvua. Hapa kwetu kila anayechelewa anasema mvua, na tunamwamini.

Ulinigonga kwa kitana. "Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka ku mvua."

"Mvua iko mustari ya kwanza. Tonton, soma yote mbele ya kujibu. Jibu inalalaka chini."

Nikasoma mpaka chini, nikilalamika kila neno. Na kweli, mstari wa mwisho kabisa ulisema saa ya Tom ilikuwa imesimama tangu jana yake. Mvua haikuwa na kosa lolote. Nilisema huyo aliyeandika ni mtu mbaya, kwa nini hakusema mapema. Ukasema hivyo ndivyo État inavyofanya, wanakuwekea kitu kizuri juu ili mtu mwenye haraka akiokote aende nacho. "Na weye uko mutu wa kuokota," ukaniambia. Nilikucheka. Nikakuambia kuokota ndiko kumenilisha.

Halafu ikaja siku ya ule wakati uliopita wa wakati uliopita. Mimi niligoma. Nilisema jana inatosha, Waingereza wanataka jana ya jana ya nini? Jambo likiisha limeisha. Kuna haja gani ya kuuliza lipi liliisha kabla ya lipi? Salon ilikuwa na watu wanne, wote walikuwa upande wangu, na muzee mmoja mwenye povu kidevuni akasema hata yeye haoni haja. Wewe hukubishana. Ulichukua sabuni, ukaandika sentensi moja kwenye kioo, ndefu, kutoka pembe mpaka pembe. Ukanitafsiria kwa sauti ya kawaida, kama unasoma bei ya sukari.

"Nilipofika Katana, mama alikuwa amekwisha kufa."

Kisha ukasema: "Ukitia jana moja tu, Tonton, watu watafikiri nilimukuta."

Mashine ilikuwa inaunguruma mkononi mwangu na nilisahau kuizima. Yule muzee akafuta povu lake mwenyewe. Sentensi hiyo haikufutwa wiki mbili, maana kila niliposhika kitambaa mkono ulikataa, na wateja walinyolewa wakiangalia nyuso zao katikati ya maneno yako.

Ndiyo maana ulitaka diploma, na mimi nilijua hata kabla hujasema. Bila diploma hakuna shule ya uuguzi. Ulitaka kuwa kama yule muuguzi wa hospitali ya Katana aliyekuwa anashika kikombe cha chai kwanza, mikono ipate joto, ndipo amguse mama yako. Ulinisimulia habari za ile mikono mara nyingi kuliko habari za ugonjwa. Hukutaka gari, hukutaka Ulaya. Ulitaka mikono yenye joto na karatasi ya kukuruhusu kuitumia.

Na mimi, kwa upendo wangu mkubwa ambao siku zote unatangulia akili yangu, nikachukua kopo jipya la poda, lile kubwa, nikaliweka juu ya rafu mbele ya macho yako. Nikalifunga utepe. Nikatangaza kwa wateja: hili halifunguliwi kwa shingo ya mtu yeyote, hili ni la kichwa cha Nsimire. Unajua avenue yetu inavyofanya. Mtoto akipata diploma anamwagiwa poda mpaka kope ziwe nyeupe, tunamzungusha tukipiga masufuria, na siku mbili baadaye bado anapiga chafya. Kinyozi mwenye mtoto anayefanya État hawezi kukosa poda, ingekuwa kama mwokaji kukosa mkate siku ya harusi ya binti yake.

"Tonton, ondosha ile kopo," uliniambia. "Inanitazamaka nikisoma."

"Inakutia moyo."

"Inanitia woga."

Sikuliondoa. Nililihamisha sentimita mbili kushoto, nikasema haya, sasa halikutazami.

Asubuhi ya mtihani wa lugha nilikupeleka mpaka kwenye lango, wewe na shati lako jeupe na sketi ya buluu, Zozo akiendesha polepole kama amebeba mayai. Ulitoka saa sita ukiwa huna rangi. Nikauliza Kiingereza kilikuwaje. Ukasema andiko lilikuwa la mkulima na nyuki zake, umelisoma mpaka mwisho, lakini sarufi ilikuvuruga, na hesabu ya jana yake ulikuwa umeiacha na mapengo. Nilikupiga mgongoni. Nikasema mtu anayetoka analia ndiye anayepata, anayetoka anacheka ndiye anayeanguka, nimeliona hilo sana Kampala. Sijawahi kuona mtihani wowote Kampala, Nsimire. Niliona tu lango la shule moja, tukipita na lori.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Matokeo yalipotoka, simu yangu ndiyo iliyokuwa na mtandao na salio, kama kawaida, kwa hiyo simu yangu ndiyo iliyobeba avenue. Uliniandikia namba yako ya mtihani kwenye kiganja cha mkono. Maman Aline, jirani yetu anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, akaleta ya binti yake Aline kwenye karatasi yenye magamba ya samaki. Nikatuma yako kwanza, kule yanakojibiwa matokeo kwa ujumbe. Nikatuma ya Aline. Tukasubiri. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti, hutaki kutazama kioo.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa kwanza. Mstari wa juu, namba ndefu, tarakimu kumi na kitu, za kuumiza macho. Chini yake neno moja linalosema amefaulu. Nilituma yako kwanza, kwa hiyo ujumbe wa kwanza ni wako. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote. Niliona kitu kizuri nikakiokota nikaenda nacho.

Nilikata utepe kwa meno. Kopo lote likashuka kichwani mwako, ukapiga yowe, ukacheka, ukakohoa, ukaniita mwendawazimu, ukanikumbatia, na sote wawili tukawa kama magunia ya unga yenye miguu. Zozo akabonyeza honi mpaka betri ikachoka. Masufuria yakatoka kila nyumba. Tukakuinua, tukashuka na avenue, tukapanda nayo. Aline alikuwa amesimama mlangoni kwao anapiga makofi, mikono mitupu, kavu, safi, msichana wa watu, anakushangilia, na poda yake yote iko kichwani mwako.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na ndilo linalonifanya niandike.

Simu ilitetemeka tena tukiwa pale kwenye bomba la maji. Niliitoa. Na huu ujumbe wa pili niliusoma wote, namba kwanza, nikilinganisha na ile iliyokuwa kwenye kiganja changu, jasho limeifuta nusu lakini mwisho wake ulionekana. Namba ilikuwa yako. Neno lilikuwa lile lingine.

Nilijua, Nsimire. Pale pale kwenye bomba, nilijua. Wewe ulikuwa mabegani mwa Zozo, mdomo wazi, meno yote nje, na hukuwa umecheka hivyo tangu Katana. Ulifanana na mama yako kabisa. Ningesema "simameni" pale, yangekuwa makosa ya kinyozi mwenye haraka, watu wangecheka kidogo na kwisha. Nikaweka simu mfukoni. Nikapiga sufuria. Nikakuacha uzunguke mara moja zaidi.

Mara ile ya pili ndiyo iliyokumaliza. Mara ya pili ndipo walipotoka hata watu wa barabara ya juu, ndipo yule mama wa duka alipokupa soda, ndipo ulipowaambia watu kwa sauti kwamba unakwenda kusomea uuguzi. Ningekusimamisha kwenye bomba, usingesema maneno hayo mbele yao. Wewe mpaka leo unafikiri tonton wako alikosea kusoma. Alikosea mara ya kwanza tu. Mara ya pili alisoma vizuri kabisa, akanyamaza.

Nilipokuambia mlangoni, hukulia. Ulinyoosha mkono, nikakupa simu. Ulisoma ujumbe wa kwanza, ukasoma wa pili, polepole, kutoka juu mpaka chini. Ukasema: "Tonton, haukusoma namba." Basi. Ulikwenda kwenye beseni kuosha nywele, na poda ikiguswa na maji inakuwa kama uji, haitoki, ukasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Maman Aline alikuja na kitenge chake akakufuta, na hakumwagia binti yake poda siku ile wala kesho yake. Alisema Aline anaweza kusubiri. Asubuhi ukapanda boti kwenda Idjwi kwa tante yako, shangazi wa upande wa baba yako, na kwenye kola ya shati nilikuwa bado naona weupe.

Nilikasirika sana. Nilikasirikia État, mtandao, Waingereza na nyuki za yule mkulima. Nilikukasirikia wewe kwa kukimbia, maana wanaoanguka ni wengi, wanarudia, hakuna aliyehamia kisiwani. Nilimkasirikia kila mteja aliyeuliza "mutoto iko wapi?" huku akitazama rafu. Nilichelewa sana kumfikia mtu niliyepaswa kumkasirikia, kwa sababu namnyoa kila Jumapili kwenye kioo hicho hicho na nimemzoea.

Orodha ya autodidactes ilipofunguliwa, yaani sisi wazee tunaojifundisha wenyewe, nilikwenda nikaandika jina langu. Nilisema hivi: aibu ya avenue hii imekaa juu ya kichwa cha mtoto, itafutwa na kichwa kikubwa zaidi. Zozo akawa mwalimu wangu. Alishika kijitabu chako, akashika kitana, na kitana alikitumia kuliko kijitabu. Tulisoma saa za mchana, wateja wakipungua. Maneno kumi kwenye kioo kila asubuhi, kwa mwandiko wangu, ambao Maman Aline alidhani ni mtoto amecheza na sabuni.

Siku ya mtihani mwangalizi alinidhani mzazi, akanionyesha njia ya kutoka. Nikamwonyesha karatasi yangu. Nikakaa kati ya vijana ambao wengine nimewanyoa wakiwa wachanga, na mmoja akanong'ona, "Coiffeur, umekuja kutunyoa hapa?" Andiko la Kiingereza lilikuwa la mwanamke na kisima. Nililisoma mpaka chini. Halafu nikarudia kutoka juu, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi kichwani mwangu kwamba sitaokota tena. Nililisoma kama barua kutoka kwako. Yule mwanamke na kisima chake nawajua leo kuliko ndugu zangu.

Matokeo yalipokuja, nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilisoma namba yangu tarakimu moja moja kwa sauti, Zozo akiifuata kwenye karatasi kwa kidole. Ilikuwa yangu. Ndipo nikasoma neno. Ndipo nikachukua kopo jipya la poda, nikajimwagia mwenyewe, kichwani, masikioni, kwenye ndevu, nikatoka nje hivyo, bila sufuria, bila honi. Nikapita kwenye bomba. Nikapanda mpaka juu, nikarudi, nikazunguka mara mbili kamili, siyo moja. Maman Aline akaacha sambaza zake juani.

"Papa Coiffeur, ni nini hii? Umepata?"

Nilimjibu mbele ya watu wote, nami nitakujibu wewe hapa chini, maana umenifundisha mwenyewe mahali jibu linapolala.

Kwanza neno la mwisho. Orodha ya wanaorudia inafungwa mwisho wa mwezi huu. Nimeuliza, jina lako wanaweza kuliandika, lakini lazima uje mwenyewe uweke alama ya vidole vyako. Aline yuko mwaka wa pili wa uuguzi, anasema madaftari yake yanakusubiri. Kwenye rafu hakuna kopo lolote, nimepanga mashine pale. Kioo nakiosha kesho, nitabakiza barua hii tu pembeni, na sabuni nimeiweka mahali pake. Njoo ukasirike huku, Nsimire, uso kwa uso. Usinitumie nanasi.

Nilimwambia Maman Aline: "Hapana, nimeanguka. Poudre ni ya kuanguka." Alicheka mpaka akakaa chini, avenue yote ikacheka, na tangu siku hiyo wakizungumza habari za poda wanataja jina langu, siyo lako.

Ukutani kuna kalenda ile ile ya saruji. Fremu hakuna. Diploma sina.

Tonton wako, kaka wa mama yako